Imejaribiwa: Febe

Jumapili, 12 Oktoba
Kocha wa klabu yetu ya baiskeli ametugawia madaftari. Kila mmoja aandike kilomita alizoendesha, saa alizolala, na mapigo ya moyo asubuhi kabla hajainuka kitandani. Nimeyaandika hayo mwanzoni, kwa mwandiko mzuri. Halafu nimeligeuza daftari kichwa chini miguu juu, nikaanza upande wa nyuma. Huku kocha hafiki. Hata kule mbele yeye husoma ukurasa mmoja tu, akapiga miayo.

Mbele nimeandika mapigo hamsini na nane, usingizi saa tisa, nafasi ya nne. Nyuma naandika kwamba ningekuwa wa tatu kama nisingekaza breki kwenye mteremko wa msituni. Silke, mwenzangu wa klabu, alinipita hapo hapo, tena anacheka. Mimi nikifika juu ya mteremko wowote, mikono inafunga breki yenyewe, haiulizi ruhusa.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua. Wa tano. Mteremko tena.

Jumamosi, 1 Novemba
Siku ya Watakatifu Wote. Tumempelekea babu Omer maua makaburini. Mama alipiga magoti akisugua jiwe kwa brashi, mdogo wangu Nel akihesabu makaburi yenye maua mengi kuliko letu. Baba alisimama ameinamisha kichwa, mikono mfukoni. Tukadhani anasali.

"Nimeupata," akasema.

"Umepata nini?" mama akauliza.

"Mteremko."

Kila tarehe ishirini na sita Desemba, siku ya pili ya Noeli, mbio za baiskeli za kijiji chetu hufanyika kwenye malisho ya mzee Achiel, na baba ndiye anayetengeneza njia. Yeye ndiye anaamua vigingi vipigwe wapi, utepe uvutwe wapi, watoto wapande wapi na washuke wapi. Mwaka juzi baba yake Silke alisema mbele ya watu kwamba njia ya Joris, yaani baba, inafaa kusukumia vigari vya watoto wachanga. Watu walicheka, wakasahau. Baba hakusahau.

Sasa mzee Achiel amekubali tulitumie lile shimo la zamani mwisho wa shamba, walikokuwa wakichimba udongo wa matofali enzi za babu yake. Ukuta wake mmoja unateremka kuanzia kwenye ukingo hadi chini kabisa.

"Na unapitika huo?" mama akauliza, bado anasugua.

"Febe ataujaribu."

Ndivyo tunavyofanya tangu nilipokuwa na miaka minane, na sasa nina kumi na tatu. Kabla kigingi hakijapigwa nyundo, mimi napita kwanza. Nikipita, baba anaandika kwenye ramani yake "Imejaribiwa: Febe. SAWA." Klabu nzima wanayaamini maneno hayo kuliko mkaguzi wa chama cha baiskeli. Akipita Febe, atapita kila mtoto. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda.

Jumamosi, 8 Novemba


Tulifika malishoni saa tatu asubuhi. Kulikuwa na ukungu na matope mpaka kwenye vifundo. Baba alinipeleka ukingoni mwa Shimo, akanionyesha kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga. Hatua tatu za kwanza ni kama paa la nyumba. Katikati kuna mzizi mnene umetokeza. Chini kabisa lazima ukate kona kushoto mara moja, la sivyo unaingia kwenye mtaro wa maji.

"Uzito wote nyuma, tumbo juu ya tandiko, na breki usiziguse mpaka upite mzizi," akasema. "Kushoto kwa mzizi, sawa?"

"Sawa."

Mzee Achiel akamwita. Lango lilikuwa limeng'oka, na kondoo wameanza kutoka. "Wewe shuka tu," baba akaniambia, "nakuja sasa hivi." Akaenda mbio.

Nikakaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Nikatazama. Nikajiambia nikihesabu mpaka tatu nitaenda. Nilihesabu mpaka tatu labda mara ishirini. Nilikuwa naona vizuri kabisa jinsi gurudumu la mbele litakavyokwama kwenye mzizi, na mimi nitakavyoruka kichwa mbele. Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa, naogopa, naogopa.

Kisha nikasikia sauti ya baba anarudi, anacheka na Achiel. Nikateremka kwenye baiskeli. Nikalishika tandiko, nikaisukuma baiskeli mbele yangu, mimi nikakaa kwenye majani pembeni nikaserereka kwa makalio mpaka chini. Hapo chini nikajipaka matope usoni na kwenye magoti. Nikapanda baiskeli, nikasimama kama niliyefika sasa hivi.

Baba akachungulia kutoka juu, halafu akashuka kwa kushikilia vichaka. Akaukagua mstari wa magurudumu kwenye udongo. Ulikuwa mstari mmoja mzuri, maana baiskeli isiyo na mtu mwoga juu yake haiyumbi.

"Umeshuka ukiwa umekaa juu ya baiskeli?"

"Ndiyo."

"Kushoto kwa mzizi?"

"Kushoto."

Pembeni ya mstari ule majani yalikuwa yamelala upana wa makalio yangu, na visigino vyangu vimechimba vishimo viwili viwili. Nikasimama mbele yake nikavikinga. Baba aliutazama ule ukuta muda mrefu. Kisha akanigonga kofia mara mbili kwa kidole, kama anavyofanya akifurahi, na tukaenda kunywa chokoleti ya moto kwa Achiel. Sikuweza kuimaliza.

Jumapili, 9 Novemba
Ramani imebandikwa kwenye mlango wa friji. Imejaribiwa: Febe. SAWA. Kila nikitaka maziwa lazima niisome.

Jumamosi, 15 Novemba
Leo baba ameipeleka ramani kwenye ukumbi wa klabu. Baba yake Silke alikuwa ameegemea kaunta na glasi yake.

"Vipi Joris, mwaka huu pia tuje na kigari cha mtoto?"

Baba alikunjua ramani juu ya meza, akaweka kidole kwenye Shimo. Watu wakasogea. Mmoja akapiga mluzi.

"Huu watoto hawawezi," akasema baba yake Silke.

"Huyu hapa," baba akasema, akaniwekea mkono begani. "Muulize."

Wote wakageuka. Chumba kizima, na kocha wetu, na Silke na chipsi zake. Hapo ndipo ningesema. Hata mdomo niliufungua.

"Ni rahisi," nikasema. "Mradi usiguse breki."

Silke akanisogezea chipsi zake zenye mayonesi. Hajawahi kunipa hata moja tangu tujuane. Nikala, maana kukataa kungeonekana. Njiani kurudi baba alikuwa anaimba, na baba hana sauti hata kidogo.

Alhamisi, 20 Novemba
Mvua.

Jumanne, 25 Novemba
Mvua. Mkaguzi wa chama amekuja akatazama Shimo. Ameusifu udongo wake, eti ni laini, anayeanguka ataangukia godoro. Amesaini. Nimesoma saini yake pale pale kwenye friji, chini ya jina langu.

Jumapili, 30 Novemba
Mbio kijiji cha jirani, matope mazito. Nimeanguka kwenye mteremko ambao si nusu ya Shimo. Sikuumia, ila niliinuka nikiwa nimesahau kwa muda mguu upi unaanza. Wa saba. Kocha kaniuliza, "Wewe si ndiye malkia wa miteremko?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Jumamosi, 6 Desemba
Mtakatifu Nikolasi, anayewaletea watoto zawadi usiku, amepita. Nel aliweka karoti ya farasi wa mtakatifu ndani ya kiatu chake jana, na barua fupi. Mimi niliisoma kabla haijachukuliwa. Nel ana miaka minane, mwandiko wake unapanda mlima:

"Mtakatifu mpendwa, sitaki mdoli. Nataka glavu za kweli, na nataka kushuka Shimo kama dada Febe."

Glavu amezipata. Mama kamwandikisha kwenye mbio za wadogo za tarehe ishirini na sita, mara tu baada ya mbio zetu, kwenye njia ile ile. Baba kasema wadogo watazunguka mara mbili tu, lakini Shimo watashuka, maana limejaribiwa.

Nimejifungia chooni nikakaa humo mpaka mama akagonga mlango.

Jumapili, 7 Desemba
Nel amelala na glavu.

Jumatano, 17 Desemba
Jumatano shule inaisha saa sita, kwa hiyo nimekwenda peke yangu. Nilijiambia nikishuka mara moja tu, hata leo, basi uongo wangu utageuka kuwa kweli, nimechelewa tu kidogo. Nilikuwa nimelipanga hilo darasani tangu asubuhi. Nimefika ukingoni, nimeweka uzito nyuma, nimeachia breki. Baiskeli ikasogea kiasi cha kiganja. Nikajitupa pembeni kwenye miiba.

Nimejaribu mara nne. Mara nne miiba.

Nilipoinua kichwa, mzee Achiel alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu na kondoo wake, sigara mdomoni.

"Kondoo wangu hawashuki hapo," akasema. "Nimekuwa nao miaka arobaini. Wanazunguka."

"Mzee Achiel, usimwambie baba."

"Mimi nikamwambie nini? Mimi nimetoa uwanja tu." Akavuta sigara, akautema moshi. "Lakini yule mdogo wenu alikuja jana na mama yake kuleta mayai. Akasimama hapo ulipo. Kaniambia dada yake anashuka hapa macho wazi."

Nikaanza kulia, nikajifanya nachomoa miiba.

"Ni udongo laini bado," akasema baadaye kidogo. "Omba usigande."

Sasa naogopa vitu viwili. Naogopa Shimo na naogopa baridi. Kabla ya kulala nilichungulia kipimajoto cha dirishani. Nyuzi nne juu ya sifuri.

Ijumaa, 19 Desemba
Nyuzi mbili. Shule imefungwa.

Jumamosi, 20 Desemba
Sakitu. Nyasi zote nyeupe. Baba kaingia jikoni akipiga makofi kwa furaha.

"Ardhi inakauka, watu wangu! Njia itakuwa ya kasi."

Mimi nikaangalia friji.

Jumatatu, 22 Desemba
Joto halijapanda juu ya sifuri siku tatu. Tumekwenda kupiga vigingi. Chuma cha baba kililia juu ya ardhi kama anapiga jiwe. Shimoni, ule udongo laini aliousifu mkaguzi umekuwa mifereji migumu. Maji ya mvua yamechimba mifereji, mifereji imeganda, na kingo zake zinakata. Nimepitisha kidole. Kule kushoto kwa mzizi, pale pale nilipoisukuma baiskeli yangu mwezi uliopita, kuna mfereji unaopinda kwenda moja kwa moja mtaroni.

"Baba, pamebadilika," nikasema.

"Pamekuwa pagumu tu. Ugumu ni mzuri, gurudumu halizami." Hakunitazama. "Nitaweka marobota ya majani makavu kule chini."

Akaweka marobota manane. Nel alikuwa anafanya mazoezi kwenye bustani, makalio nyuma ya tandiko, akipiga kelele "Shimooo" kila akishuka ngazi mbili za baraza. Mama kamwambia ataamsha maiti.

Jumatano, 24 Desemba
Nimeamua kumwambia. Nimemkuta gereji anapima upepo wa matairi, anabonyeza kwa kidole gumba, anatoa kidogo, anabonyeza tena. Nel alikuwa amekaa juu ya ndoo, kamshikia pampu.

"Baba."

"Mm."

"Kama mtu hawezi Shimo, je?"

"Atashuka kwa miguu. Sheria inaruhusu, baiskeli begani." Akabonyeza tena. "Lakini nani atafanya hivyo mbele ya watu?"

"Si mimi," Nel akasema.

"Umemsikia."

Nikasimama pale. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi. Baba akainua uso, na nikaona ana wasiwasi. Sijawahi kumwona hivyo. Nikadhani ni njia, au watu wa klabu. Akasema, "Febe, kesho kutwa baba yake Silke atafunga mdomo." Alisema kama anayeniomba kitu.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachemsha njegere kwa supu ya kuuza siku ya mbio, sufuria mbili kubwa. Nikamwambia sijisikii vizuri. Akanigusa paji la uso, akaniambia sina homa, nikamwambie baba chochote ninachotaka kumwambia. Sijui mama amejuaje. Sikurudi gereji.

Alhamisi, 25 Desemba
Noeli. Nyuzi sita chini ya sifuri.

Ijumaa, 26 Desemba
Naandika alasiri, kwenye meza ya jikoni. Hakuna anayenikataza.

Tulifika saa mbili. Jua lilipochomoza lilikuwa jeupe, halina joto lolote. Watu walikuwa wameanza kujaa, wanapiga miguu chini, wameshika vikombe vya supu ya mama. Mbio zetu saa nne, za wadogo saa tano. Mama alinipaka dawa ya kupasha joto miguuni, ile inayowasha, nami sikusikia kitu, miguu ilikuwa si yangu.

Saa tatu tuliruhusiwa kuzunguka njia kuikagua. Nilipofika ukingoni mwa Shimo, Silke alikuwa amesimama hapo, mguu mmoja chini, kama mimi siku ile. Mashavu yake yalikuwa meupe.

"Kusema kweli, naogopa," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeshuka kwa miguu sasa hivi wakati hakuna mtu. Usimwambie baba yangu."

"Simwambii."

"Wewe ulipita wapi? Kushoto au kulia kwa mzizi?"

Hapa ndipo ninapotaka kurudi. Kama ningepewa sekunde moja tu ya maisha yangu niirudie, ningeichukua hii. Alikuwa ameshaniambia lake. Ilibaki nimwambie langu, tusimame wawili pale, waoga wawili. Nikasema, "Kushoto."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi nitakufuata."

Filimbi ilipopulizwa nilitoka vizuri. Sijawahi kutoka vizuri hivyo, labda kwa sababu nilikuwa nakimbia kitu. Nikawa wa kwanza kwenye malisho, wa kwanza kwenye ngazi za mbao, Silke nyuma yangu namsikia pumzi. Nikaliona Shimo. Utepe pande zote mbili, watu wamejipanga mpaka chini, na baba juu kabisa ameshika kibendera.

Nikafunga breki. Nikashuka. Nikaitupa baiskeli begani nikakimbia pembeni, kwenye majani, nikichimba visigino.

Nyuma yangu Silke naye akashuka, na wengine wote wakashuka, mmoja baada ya mwingine. Kisha nikasikia sauti niliyoijua ikisema, "Joris, mjaribu wako anatembea kwa miguu!" Kicheko. Nilikuwa tayari kando ya mtaro, napanda baiskeli, na nitasema ukweli, nilikuwa nimefurahi. Nilidhani imekwisha. Nilidhani nimeshasema bila kusema.

Mzunguko wa pili nikakimbia tena. Silke alikuwa baiskeli moja nyuma yangu. Sikumwona akiamua. Labda ni kile kicheko, baba yake akiwa pale. Labda alidhani mimi nimechoka tu na hii ni nafasi yake. Nikasikia magurudumu yakigonga udongo mgumu, kwa kasi, upande wa kushoto, na nikageuka.

Alikuwa ameweka uzito nyuma kama inavyotakiwa. Alipita mzizi. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ule mfereji nilioupitishia kidole, mfereji ukalipindua kwenda mtaroni, naye akaruka juu ya usukani. Marobota hayakuwa upande ule. Alianguka kwa bega, na nikasikia mfupa ukivunjika.

Niliitupa baiskeli. Nikapiga magoti karibu naye. Alikuwa anapumua kwa vipande, macho wazi, bega moja limeshuka chini ya lingine.

"Nilipita kushoto," akasema. "Kama ulivyosema."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananieleza tu, kama anayetaka kujua alikosea wapi.

Watu wa Msalaba Mwekundu wakaja na machela. Mtulinga umevunjika, wakasema, labda na kitu kingine. Baba yake alishuka akianguka anguka, hana neno la kejeli hata moja, kashika glavu ya mtoto wake. Mbio zikasimamishwa, nasi tukaambiwa turudi kwa miguu.

Mimi nikapanda ukuta mpaka kwa baba. Kibendera kilikuwa chini karibu na kiatu chake. Kwenye uwanja kipaza sauti kilikuwa kinawaita wadogo wajipange, maana ratiba ni ratiba, na nikaona kofia ya Nel ya njano katika mstari wa kwanza kule mbali.

"Sijawahi kushuka hapa," nikamwambia. "Hata mara moja. Nilisukuma baiskeli, nikaserereka kwa makalio. Nilikudanganya."

Baba akatazama chini ya Shimo, pale walipokuwa wakimfunga Silke mkono.

"Najua," akasema.

Sikuelewa.

"Niliona majani. Niliona visigino vyako. Nimesoma njia za baiskeli miaka ishirini na tano, Febe." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilitaka iwe kweli. Nikakuuliza, ukasema ndiyo, nikasema basi, kasema mwenyewe."

Wiki saba nilikuwa namwogopa huyu mtu asije akajua. Yeye alikuwa anajua, na alikuwa anaogopa nisije nikasema. Nilimkasirikia vibaya sana pale, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu, na wakati huo huo nilimwonea huruma. Vyote viwili vilikuja pamoja na sikujua nifanye nini navyo.

"Nel yuko kwenye mstari," nikasema.

Hapo akatingishika. Akamwita kocha kwa mikono miwili wasimamishe. Akachukua nyundo, akaanza kugonga vigingi pembeni ili vilegee, vimeganda, havitoki. Nikavuta kwa mikono yote. Mzee Achiel akaja na shoka lake bila kuambiwa na mtu, akavikata vile vilivyokataa. Tukaukata utepe, tukauvuta upya juu ya ukingo, kuzunguka kwenye wavu wa kondoo, njia ndefu na tambarare kabisa. Watu walikuwa wanatuangalia. Mtu mmoja akasema kitu kuhusu vigari vya watoto, na hakuna aliyecheka.

Wadogo walichelewa dakika arobaini. Nel alikuwa wa tisa kati ya kumi na sita, na alipovuka mstari alikuwa analia kwa hasira.

"Mmeniibia Shimo langu," akaniambia. "Wewe umeshuka, mimi mmenikataza."

"Sijashuka, Nel. Sijawahi."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akavua glavu zake za kweli, akazitia mfukoni, akaenda kwa mama. Hajaniongelesha mpaka sasa.

Jumapili, 28 Desemba
Nimekwenda kwa Silke. Mtulinga na mbavu mbili. Msimu kwake umekwisha. Nilimwambia yote, nimesimama, maana hakuniambia nikae. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia kwamba naogopa," akasema. "Nilikuambia wewe tu."

"Najua."

Akaniomba nimfungulie pakiti ya biskuti, kwa mkono mmoja hawezi. Nikamfungulia. Hakunipa. Nilipofika mlangoni akasema, "Wiki hii usirudi. Wiki ijayo, labda."

Jumatatu, 29 Desemba
Nyuzi tatu juu ya sifuri. Matone yanadondoka kwenye mabati. Nel kaniuliza kama zile glavu zinaweza kufuliwa kwa mashine. Nimemjibu kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Jumamosi, 3 Januari
Leo jioni kocha anakusanya madaftari. Kule mbele nimeandika: 26 Desemba, kilomita nne, mbio hazikumalizika. Nimefikiri, nikaongeza: Shimo nimekimbia kwa miguu mara mbili. Huku nyuma, nikimaliza kuandika, nitashona kurasa kwa uzi asije akazifungua, ingawa najua hatafungua. Nitazifumua akinirudishia.

Asubuhi hii nilikwenda kuchukua maziwa. Baba alikuwa ameshatoka kwenda kumsaidia Achiel kusawazisha malisho. Ramani bado iko kwenye friji, lakini neno SAWA limepigwa mstari mara mbili kwa kalamu yake nyekundu. Pembeni, kwa yale maherufi yake makubwa ya kuandikia vibao, ameandika: Imejaribiwa: Febe. HAIPITIKI.

Na chini yake, kwa herufi ndogo nilizolazimika kuinama kuzisoma: Joris hakujaribu.

Nikachukua maziwa, nikafunga mlango taratibu ili karatasi isianguke.